Naomba ushauri: riwaya ya wapagazi wa Tendaguru imekwama kwenye jina la babu wa watu

Karani wa Mitwero

Wakuu, salaam. Niko Lindi, kazi yangu ni karani kwenye ghala la korosho. Mwaka unakatika na kuna jambo limeninyima usingizi, nahitaji mawazo ya wanaosoma na kuandika.

Mwaka huu nimesoma kuliko wakati wowote tangu nitoke shule. Nilianza na Majimaji. Nilitaka kuelewa huku kusini kulikuwaje vita vilipozimwa mwaka 1907, mashamba yamechomwa na njaa imeingia. Vitabu vile ndivyo vilivyonivusha hadi Tendaguru, kilima cha huku Lindi kulikochimbwa mifupa ya dinosaria. Mtoto gani wa Lindi hajasikia habari za mjusi wetu aliyesimamishwa kwenye makumbusho kule Berlin? Ila kazi yenyewe ilivyofanyika sikuwahi kuambiwa. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, na mifupa ile ilitoka porini mpaka bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya watu. Kuna kipindi wafanyakazi walifika kama 500, wengine wakiishi kambini na wake na watoto. Hebu fikirini, ni watu waliotoka kwenye Majimaji juzi tu, na leo wanabebeshwa mizigo na serikali ileile iliyowapiga.

Hapo kusoma kukazaa kuandika. Kipindi cha kupulizia mikorosho salfa niliandika karibu kila usiku, na mke wangu nikimsomea kwa sauti. Akisinzia najua ukurasa huo ni wa kukata. Minada ilipofunguliwa kalamu ikalala, maana malori ya korosho hayajui usiku wala mchana. Sasa nimerudi mezani na kitu kilekile kinanichoma: kwenye maandishi utawakuta Werner Janensch na Edwin Hennig, wakuu wa msafara. Msimamizi Boheti bin Amrani naye yumo, na namshukuru Mungu yumo. Ukishuka hapo, majina yanakuwa machache sana. Aliyebeba anabaki kuwa mzigo mmoja kati ya mizigo.

Nikamtafuta mzee mmoja ambaye babu yake, mzaa baba, alikuwa mpagazi. Mzee akavua msuli aliojitanda begani, akausokota ukawa ngata, akauweka kichwani na kutembea barazani, magoti yamelegea kidogo, shingo haitikisiki. Akasema babu yake alifundisha kwamba mlima haumchoshi mbebaji, kinachomuua ni mteremko. Kisha akanipa kisa chenyewe: safari moja babu alipata habari kwamba mwanawe anaumwa, akautua mzigo njiani, akarudi kwao usiku.

Kwangu hicho ndicho kiini cha riwaya. Mzee amesema niandike na jina la babu nilitaje. Lakini yupo bibi mmoja Mtwara, mjukuu wa dada yake huyo babu, amekataa katakata. Anasema mtu wao hatakuwa mtoro vitabuni. Nifanyeje? Nitaje jina, nibuni, au kisa nikiache? Natanguliza shukrani.

Pwani ya Ligula

Mkuu, weka jina la kubuni, umalize kitabu. Riwaya nyingi zinafia kwenye kuomba ruhusa.

Mwalimu Mstaafu, Mikindani

Kijana wangu, hongera. Nina mawili. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa hukuhuku kusini, alipochapisha tamthilia yake ya Majimaji mwaka 1969 alimwita mhusika Kinjeketile, wakati mganga wa kweli wa Majimaji, wa kule Ngarambe, anajulikana kama Kinjikitile. Na kwenye utangulizi akaeleza kwamba mhusika wake ni kiumbe cha ubunifu, asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Nawe unaweza kuwa na ukurasa wa namna hiyo, mfupi na wa wazi.

La pili, hakikisha ni msafara upi. Waingereza nao walichimba Tendaguru kuanzia 1924 hadi 1931. Kiongozi wao wa kwanza, Cutler, alifariki hapohapo Lindi mwaka 1925 kwa malaria. Wazee wengi huichanganya misafara hii miwili na si kosa lao, kwa mtoto anayesimuliwa wote ni wazungu wa mifupa. Muulize mzee babu yake alilipwa rupia au shilingi. Jibu litakuonyesha njia.

Binti Newala

Kaka yangu, samahani, naona umelipima jambo hili upande mmoja. Wamwera, Wamakonde, Wayao, sote huku ukoo tunauhesabu kwa mama. Mzee wako ni mtoto wa mtoto wa kiume, kwa hiyo ukoo wake ni wa mama yake. Huyo bibi wa Mtwara ametoka kwa dada, na kama ni kupitia binti wa huyo dada, yeye ndiye mwenye jina. Kwa hiyo ruhusa uliyopewa, pamoja na heshima zote kwa mzee, imetoka kwa asiye na jina la kutoa.

Halafu umemsomea huyo bibi hata ukurasa mmoja? Amesikia neno "alitoroka" akaona aibu. Hajasikia habari ya mtoto mgonjwa kama ulivyoiandika. Mkeo umemsomea, kamsomee na yeye.

Nanyamba Kwetu

Mimi nitakwenda kinyume na wote. Riwaya itasubiri. Rekodi sauti ya mzee kwanza, yote, na nyimbo kama anazikumbuka, uandike tarehe na mahali. Waliosimuliwa na wapagazi wenyewe wanaondoka kila mwaka. Kitabu unaweza kuandika hata ukiwa na miaka sabini.

Karani wa Mitwero

Nimesoma yote, asanteni sana. Mwalimu, nimempigia mzee muda huu. Kajibu bila kufikiri: rupia, na babu alikuwa akizizika chini ya mwembe. Basi ni wakati wa Mjerumani, na hiyo rupia ya mwembeni naichukua kama ilivyo. Nanyamba, jumapili naenda na simu yenye chaji ya kutosha.

Binti Newala, umenifungua macho. Jina nalitoa kwenye muswada leo hii, lisirudi mpaka bibi mwenyewe aseme. Ila naomba unielekeze: naingiaje kwake? Niende peke yangu?

Binti Newala

Usiende peke yako, utaonekana mwandishi wa habari. Mchukue mzee, ndiye aanze kuzungumza. Beba sukari na doti moja ya kanga. Siku ya kwanza karatasi ziache kwenye mfuko, kaa, kula utakachopewa, msikilize yeye babu yake anamkumbuka vipi. Akikukaribisha mara ya pili ndiyo usome, na uanzie pale habari ya mtoto inapomfikia njiani.