Hita ya shawa au ndoo na kiti? Bafu la mama, Njombe

Mlangali_Boy: Wakuu habari. Nataka kumwekea mama mazingira mazuri ya kuoga kabla baridi ya Juni haijaanza. Nifunge hita ya shawa, au abaki na ndoo nimnunulie kiti? Bajeti ndogo.

Nesi Uyole: Ana umri gani? Bafu ndani au uani? Dawa za presha anatumia? Hujasema kitu.

Fundi Kihesa: Hita mkuu, hakuna kubeba masufuria. Ila uwe na ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) na waya mnene wa peke yake. Nyumba za zamani ethi hamna, bomba linapiga shoti.

Mwana Tukuyu: Umeme ukikatika mama ana povu kichwani je? Ndoo tu. Na vile vishikio vya ukutani vya kubandika kwa mpira, usithubutu. Shemeji alimletea baba mkwe kimoja, kakibandika kwenye marumaru, kikavutwa kikakaza, wote tukasifu. Mzee akakizoea. Asubuhi moja anainuka kwenye stuli, kauachia mwili wote pale, kikabanduka naye. Nyonga ikavunjika. Mpaka leo anatembelea fremu, na shemeji hataki hilo jambo litajwe mezani.

Mlangali_Boy: Poleni sana. Mama ana 76, presha anayo. Bafu la ndani, marumaru zile za kung'aa.

Nesi Uyole: Basi kiti kwanza, hita baadaye. Maji ya moto sana hushusha presha, akiinuka ghafla kizunguzungu. Kwenye beseni yatangulie ya baridi, ngozi ya mzee huungua upesi. Na jiko la mkaa lisiingie bafuni kuleta joto! Hewa yake haina harufu na inaua.

Mama Wawili Mafinga: Stuli za plastiki miguu inatanuka kwenye sabuni. Mwambie seremala achonge cha mbao, miguu avalishe mpira wa tairi.

Mkinga Halisi: Kwani lazima aoge kila siku? Kwetu Makete Julai wazee wanapanguswa kwa kitambaa cha moto, maisha yanaendelea.

Fundi Kihesa: Makete mnajisifia baridi, baridi iko Kitulo.

Mkinga Halisi: Na Kitulo iko wapi kama si Makete, Dodoma?

Mlangali_Boy: Jamani, mada. Fundi, vishikio vya chuma vya boliti vinashika ukuta wowote?

Fundi Kihesa: Hapana. Ukuta wako tofali za kuchoma au bloku zenye matundu? Tuma picha.