Ushauri: bibi wa miaka 76 anashika kuta akitembea, tumpimeje kabla hajaenda sokoni peke yake?

MjukuuManzese: Wakubwa shikamooni. Bibi hajaanguka bado, ila siku hizi anashika kuta akienda chooni. Sokoni anataka kwenda mwenyewe. Tumpimeje hapa nyumbani?

TabibuViungo: Kushika kuta ni sababu tosha ya kumpima. Tafuta kiti imara chenye mikono, pa kukalia pawe kama sentimita 46 kutoka chini, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Pima mita 3 kwa futi ya fundi, piga mstari wa chaki. Avae viatu vyake vya kila siku, na bakora kama anatumia. Ajaribu mara moja kwanza bila saa. Kisha ukisema "haya", washa saa ya simu: anainuka, anatembea mwendo wake wa kawaida, anageuka mstarini, anarudi, anakaa. Sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka.

Ila usikodolee saa tu. Mtazame anavyogeuka. Akigeuka kwa vihatua vingi, akiyumba, au akijibwaga kitini, kuna tatizo hata kama sekunde ni nzuri. Mtu awe ubavuni mwake muda wote, nyuma kidogo, tayari kumdaka. Asimshike mkono, maana hapo mtakuwa mmepima nguvu za aliyemshika.

NesiZamu: Na presha. Alale dakika 5, mpime. Asimame, mpime dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, kizunguzungu cha kuamka usiku kinaweza kumwangusha. Mara nyingi chanzo ni dawa: za presha, za usingizi, amitriptilini (ya sonona na maumivu ya neva), hata piritoni ya mafua. Msimwachishe wenyewe. Bebeni pakiti zote mkamwone daktari; hospitali za serikali zina dirisha la wazee.

MjukuuManzese: Ahsanteni. Sekunde 15, presha haikushuka. Ila ukimsemesha njiani anasimama kwanza ndipo anajibu. Tumkataze soko?

TabibuViungo: Hiyo ya kusimama ndipo ajibu ichukueni kwa uzito. Kutembea kunamtaka akili yote, na barabarani kuna honi, bodaboda na mitaro isiyo na mifuniko. Kwa sasa aende na mtu. Lakini msimfungie ndani, tafadhali: mzee akikalishwa, misuli ya mapaja hupungua upesi, na hapo ndipo ataanguka kweli. Mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia apangiwe mazoezi.

Bakora msinunue kwa kukisia. Asimame amevaa viatu, mikono imening'inia: mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono. Kama kuna mguu unaouma, aishike mkono wa upande wa pili. Raba ya chini ikilika, badilisheni. Ndala zilizolegea ziondoke.

NesiZamu: Anzeni na njia ya chooni leo hii. Taa ya usiku, mkeka uliokunjika uondolewe, ndoo isikae mlangoni, na bomba la chuma lifungwe ukutani kwa skrubu pale anaposhika sasa.