Fremu zimepanda hadi 70, mbona kipanya kizito?

KadiKongwe
Wakuu, nina kadi ya picha GTX 1660 Super na monita ya 1080p (1920×1080). Kuna gemu nilikuwa naicheza kwa fremu 40 hivi kwa sekunde. Sasisho jipya limeleta FSR 3, teknolojia ya AMD ya kuongeza fremu, nikawasha utengenezaji wa fremu (programu inajaza fremu za kubuni kati ya zile za gemu), kaunta ikaruka hadi 70. Kwa macho inateleza kweli, ila nikigeuka ghafla kipanya kinaburuta kama kimefungwa jiwe. Shida ni kadi au draiva?

FremuHalisi
Kadi yako ni nzima, mkuu. Katika hizo 70, nusu zimechorwa na gemu na nusu zimekisiwa. Ili programu ikisie fremu ya kati, lazima iwe nazo mbili mkononi, iliyotangulia na inayofuata, kwa hiyo ile mpya inashikiliwa kidogo kabla ya kukufikia. Kwa fremu 40 kila moja inachukua milisekunde 25; ucheleweshaji huo mkono unausikia. Halafu kukisia nako kunakula nguvu za kadi, ndiyo maana hukupata 80. Fremu zako halisi zimeshuka hadi 35, na kipanya kinatii hizo tu. AMD wenyewe wanashauri ufikie 60 halisi kwanza.

Uzime huo utengenezaji wa fremu. Bakiza ukuzaji wa picha peke yake, kiwango cha Quality. Gemu itachorwa kwa 1280×720 kisha ikuzwe hadi 1080p, yaani chini ya nusu ya pikseli. Fremu zitakazoongezeka hapo ni za kweli. Performance usiiguse: inaanzia 960×540, nyaya na majani yanametameta hadi unakereka. (Wanaoisifia wengi wana skrini za 4K, zenye pikseli nyingi zaidi.)

Pikseli_Moja
Aangalie kwanza mzigo uko wapi. Kama kadi iko 60% na prosesa ndiyo inahema, kupunguza pikseli hakutamsaidia chochote. Na utengenezaji wa fremu msiuponde hivyo, kwa gemu za polepole mimi nauacha umewaka.

FremuHalisi
Za polepole sawa. Za kulenga shabaha, sikubali.

KadiKongwe
Kadi iko 98%, prosesa imetulia. Nimefanya Quality na kushusha vivuli, nacheza 57 na kipanya kimekuwa chepesi. Ukungu upo kidogo kwa mbali. DLSS, ule ukuzaji wa picha wa Nvidia, ingenisaidia?

FremuHalisi
Kwa kadi hiyo haiwaki. DLSS inategemea viini vya Tensor (sehemu za kadi za kukokotoa akili bandia), vilivyofika kwenye kadi za gemu na RTX 20 mwaka 2018, na familia ya GTX 16 haikupewa. Kama gemu ina XeSS, ukuzaji wa picha wa Intel, hiyo inawaka hata kwenye kadi yako. Mara nyingi picha yake imetulia kuliko ya FSR 2, toleo lililotangulia hilo lako, ila utapoteza fremu chache. Kwa ukungu, ongeza kitelezi cha ukali wa picha taratibu. Ukizidisha, kingo zinaota weupe.