Picha za zamani za Luo Union, Gor na Abaluhya: tuziskani vipi, na mwaka tuujue vipi?

NyarKibuye (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Tawi letu la mashabiki hapa Kisumu limekabidhiwa albamu tatu na sanduku la viatu lililojaa picha za mpira. Nyingi ni za Luo Union na Gor Mahia, chache ni za Gor wakikutana na Abaluhya. Kuna nyeusi-nyeupe, kuna za rangi zilizogeuka nyekundu, na kuna bahasha mbili za negativu.

Shida zenyewe: albamu moja ni ile ya kurasa za gundi zenye nailoni juu, na picha hazitoki. Picha moja kubwa ya timu imegandana na kioo cha fremu. Nyuma ya nyingi hakuna maandishi, na wazee wakikaa kuzitazama kila mmoja ana mwaka wake. Tunataka kuziweka kwenye ukurasa wa tawi na kuchapisha chache kubwa za kutundika. Tuna skana ya kawaida ya ofisini, simu na kompyuta moja. Tuanzie wapi? Na kuna kijana amejitolea kuzipaka rangi kwa programu ya simu. Tumwache aendelee?

FundiPicha_Naks (Nakuru)

Dada, anza na mikono. Nawa, kausha, usipake mafuta, na shika picha kwa kingo tu. Vumbi liondoe kwa brashi laini na kavu. Kitambaa chenye maji kisiguse uso wa picha hata kama una doa, kwa sababu ule uso ni jelatini. Ukilowa unavimba, na ukifutwa unatoka na sura ya mtu.

Ile iliyogandana na kioo usiivute. Unyevu umeufanya uso wake ushikane na kioo, na ukivuta, kinachobaki kwenye kioo ndicho kilichokuwa picha. Iache hapo hapo, itoe fremu na kioo chake, kisha uipige ikiwa bado nyuma ya kioo. Hapa ndipo skana za ofisini huwaangusha watu. Nyingi, hasa zile nyembamba, huona vizuri kilichogusa kioo cha skana chenyewe tu. Picha ikiinuliwa milimita mbili au tatu inatoka na ukungu. Ukiona ukungu, tumia simu. Weka picha karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima flashi, simama na kitambaa cheusi nyuma ya simu ili usijione kwenye kioo, na simu iwe sambamba kabisa na picha. Usitumie lenzi pana, kwa sababu wachezaji wa pembeni watanenepa. Rudi nyuma kidogo ukuze mara mbili.

Albamu ya gundi: fungua nailoni taratibu, kisha chukua uzi wa kusafishia meno usio na nta wala ladha, upitishe chini ya kona moja ya picha, uuvute huku na huku kama msumeno ukielekea kona ya pili. Uzi ndio uikate gundi, wewe usiinue picha. Ikigoma, acha. Skani ukurasa mzima ukiwa umeondoa nailoni tu. Kuna watu hupasha gundi moto kwa mashine ya kukausha nywele. Wengine wamefaulu, lakini picha za rangi hujikunja na haziwi sawa tena.

Vipimo: picha ya inchi 3.5 kwa 5 iskani kwa nukta 600 kwa inchi. Unapata pikseli 2100 kwa 3000, na faili ya TIFF ya rangi inakuwa karibu megabaiti 19. Ukiichapisha kwa nukta 300 inakupa inchi 7 kwa 10 bila kulegea. Zile ndogo za ukubwa wa kiberiti, panda hadi 1200. Nyeusi-nyeupe nazo ziskani kwa rangi, maana umanjano na madoa ya wino yanasaidia baadaye kusoma umri. Zima kila kitu kwenye skana kinachoitwa kuboresha, kunoa au kusafisha.

Na skani nyuma ya kila picha, hata kama inaonekana tupu. Muhuri wa studio uliofifia huonekana ukiongeza giza kwenye kompyuta.

TIFF iwe ndiyo ya kuhifadhi, haiguswi. JPEG ndiyo ya kukata, kurekebisha na kutuma. Msizikusanye kwa WhatsApp kama picha za kawaida, kwa sababu inazipunguza na kufuta maelezo yaliyo ndani ya faili. Mtu akituma, atume kama hati.

Kuhusu kijana wa rangi, namwachia mwingine, nitasema maneno makali.

Ingwe_Bukhungu (Kakamega)

Nitayasema mimi. Kwenye picha nyeusi-nyeupe, kijani cha Gor na buluu ya Abaluhya vyote hutoka kijivu. Programu haijui ni timu gani. Inabahatisha, na ikishabahatisha, picha inasambaa na jezi ambayo haikuwahi kuvaliwa na timu yoyote. Vilevile zile za kunoa sura huchora macho na meno mapya pale ambapo filamu haikuona kitu. Mjukuu atakuja kusema huyu si babu, na atakuwa sahihi. Kama kijana ana ari, apewe kazi ya kuondoa mikwaruzo kwenye nakala ya JPEG, kwa mkono, na faili iandikwe kwamba imerekebishwa.

Sasa miaka. Msiulize picha ilipigwa lini. Ulizeni haiwezi kuwa kabla ya lini, halafu haiwezi kuwa baada ya lini. Majina ya klabu ndiyo msaada wa kwanza. Gor Mahia ilizaliwa 1968 kutokana na Luo Union na Luo Stars, na mwaka huo huo ikachukua ligi. Kwa hiyo picha yenye jina Gor haiwezi kuwa ya 1966, hata mzee aape. Lakini Luo Union haikuzikwa 1968. Ilirudi, ikachukua ligi 1975 na kombe la klabu la CECAFA, yaani Afrika Mashariki na Kati, 1976 na 1977. Jina la Luo Union kwenye bango basi si dalili ya miaka ya sitini. 1980, serikali ilipotaka klabu ziache majina ya makabila, Luo Union ikawa Re-Union na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Maandishi ya Abaluhya yanawapa ukomo wa juu hapo.

Viwanja: Nyayo ni 1983, Kasarani ni 1987, Mamboleo ni 2021. Mpira wa ngozi ya kahawia wenye kamba ni wa zamani. Ule wa vipande vyeusi na vyeupe ulienea baada ya Kombe la Dunia la 1970, na wa pembetatu, ule mpira wa Adidas uitwao Tango, ni 1978 kuendelea. Suruali ya mazoezi yenye nembo ya jani ya Adidas ni kuanzia 1972. Picha ya rais ukutani ni dawa kabisa: ya Moi haiwezi kuwa kabla ya Agosti 1978. Basi lenye namba inayoishia kwa herufi haliwezi kuwa kabla ya 1989, lakini lisilo na herufi halithibitishi lolote, kwa sababu magari ya zamani yalibaki na namba zao miaka mingi.

Karatasi yenyewe husema. Ukingo mweupe wa kuzunguka ni wa kawaida hadi mwanzo wa sabini. Kona za mviringo ni za sabini. Hizo zilizogeuka nyekundu ni picha za rangi ambazo rangi yao ya samawati imekufa kwanza, ugonjwa wa kawaida wa karatasi za sabini na themanini.

NyarKibuye

Asanteni sana wakubwa. Kijana tumemhamishia kwenye mikwaruzo, amekubali. Niwape tatu zinazotugombanisha:

1. Nyeusi-nyeupe, timu mbili zimesimama kwa mistari, kibendera kimeandikwa Abaluhya, mpira wa vipande vyeusi na vyeupe. Wazee wanasema wa tatu kutoka kushoto ni Joe Kadenge.

2. Ya rangi, kombe mezani, picha ya Moi ukutani, pembeni chini namba za rangi ya chungwa: '87 6 14. Wanasema ni Kombe la Mandela, lile la washindi wa makombe Afrika.

3. Nyeusi-nyeupe, wachezaji kando ya basi, mmoja ana suruali yenye lile jani, na Nakuru imeandikwa kwa penseli nyuma. Mzee mmoja anasema ni Nakuru All Stars walipochukua ligi.

Ingwe_Bukhungu

Ya tatu ni rahisi. Nakuru All Stars walichukua ligi ya kwanza ya taifa, 1963. Jani la Adidas ni 1972. Hivyo si sherehe ya ubingwa ule. Penseli iliyoandika Nakuru huenda inataja mahali tu, na timu yoyote ingeweza kusimamisha basi Nakuru. Andikeni: timu isiyotambuliwa, Nakuru, 1972 au baadaye.

Ya kwanza: kibendera kinawapa 1980 kwenda chini, mpira unawapa takriban 1970 kwenda juu. Kama wapinzani ni Gor, 1968 haiongezi kitu. Kuhusu Kadenge, kuweni wakali. Kila mchezaji wa Abaluhya asiyejulikana hugeuzwa Kadenge, na kila wa Gor hugeuzwa Allan Thigo. Msiwakalishe wazee pamoja. Akishasema wa kwanza, wengine humfuata kwa heshima. Chapisheni nakala, mpe kila kichwa namba, kila mzee aandike peke yake. Wawili wakikubaliana bila kusikizana, jina linaingia. Mmoja tu, jina linaingia na alama ya kuuliza.

Sauti_ya_Ahero

Hiyo ya pili ni Kombe la Mandela bwana. Gor walilichukua 1987 na tarehe iko hapo. Mnataka nini zaidi?

Ingwe_Bukhungu

Ndugu yangu wa K'Ogalo, yaani Gor, ubingwa hatuwanyimi. 2-2 kule Tunis, 1-1 nyumbani, Espérance wakaenda na maji kwa bao la ugenini. Lakini fainali ilichezwa mwishoni mwa mwaka. Hapo 14 haiwezi kuwa mwezi, kwa hiyo kamera inasema tarehe 14 Juni, na Juni hakukuwa na kombe hilo la kuweka mezani. Ama kombe ni jingine, ama tarehe ya kamera ilikuwa imekosea, jambo ambalo ni la kila siku. Betri ikitolewa, tarehe inarudi ilikotoka na mwenye kamera hata haangalii. Tazameni kombe lenyewe. Liskanini peke yake kwa nukta 1200, msome maandishi kwenye kitako, kisha mlinganishe na picha za magazeti ya Desemba 1987. Magazeti ya zamani yanapatikana Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Nendeni na mwezi mkononi, la sivyo mtafunua kurasa hadi jioni.

Sauti_ya_Ahero

Sawa, kitako kisomwe. Nami nawaongezea ya sheria kabla hamjaweka mtandaoni. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki ya picha hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa, au ilipotolewa kwa umma, au ilipochapishwa mara ya kwanza, ule ulio wa mwisho ndio unahesabiwa. Picha iliyopigwa na kuchapishwa gazetini 1970 ilitoka mwisho wa 2020. Ya 1987 bado ina mwenyewe. Na ile ambayo haijawahi kutolewa, msidhani umri peke yake umeimaliza. Kukabidhiwa albamu si kukabidhiwa haki. Muhuri wa studio ukionekana, mtafuteni mwenye studio au familia yake, na jina lake liandikwe chini ya picha.

FundiPicha_Naks

Nimalizie negativu, maana huko ndiko mtapata jibu la namba mbili. Kila ukanda una namba pembeni, 11, 11A, 12 na kuendelea. Fremu za jirani zilipigwa kabla na baada ya ile mnayobishania. Moja ikionyesha bango, uwanja au ubao wa matokeo, mwaka wa ukanda mzima umepatikana. Kwa hiyo msikate ukanda, na msichanganye bahasha hata kama mnaona zinafanana.

Bila skana ya filamu, tumieni tableti yenye kioo cheupe kitupu, mwanga juu kabisa. Negativu isilale juu ya kioo, maana mtapiga nukta za kioo. Iinueni sentimita 3 hadi 5 kwa vipande viwili vya plastiki safi, zimeni taa za chumba, pigeni kwa karibu, kisha mgeuze rangi kwenye kompyuta. Za rangi zitatoka na ubuluu kwa sababu ya lile chungwa la filamu. Rekebisheni kwa kuchagua sehemu ya fremu inayojulikana kuwa nyeupe, kama mstari wa uwanja au soksi.

Kunuseni bahasha kabla ya kazi. Zikinuka siki, filamu imeanza kuoza na mvuke wake huambukiza nyingine. Zitengeni leo, ziwe kwenye bahasha ya karatasi isiyofungwa kabisa, na hizo ndizo zipigwe kwanza. Zilizobaki zisiwekwe chini sakafuni wala chini ya mabati, na vipande vya magazeti visikae uso kwa uso na picha. Majina yaandikwe kwa penseli kwenye bahasha. Kalamu ya wino nyuma ya picha huchomoza mbele, na karatasi za plastiki za rangi hata penseli hazishiki.

Jina la faili liwe na mwaka wa chini, mwaka wa juu, timu na namba ya albamu: 1970-1980_abaluhya_A2_014. Nyuma ya picha iongezewe b mwishoni, ili mbele na nyuma zisipotezane.