Kompyuta inanitaka nifomati kadi yenye picha za mazishi ya babu

Mkaazi wa Kondele:
Habari zenu. Mwezi uliopita tulimzika babu huko Ugenya, na picha zote, zikiwemo za wazee wa ukoo waliotoka mbali ambao huenda tusikutane nao tena, ziko katika kadi ya SDXC ya gigabaiti 64. Kamera inazionyesha vizuri. Lakini nikiitia kadi hiyo katika kisoma kadi cha kompyuta yangu ya mezani, niliyoinunua ikiwa imetumika hapa Kisumu na ambayo bado ina programu endeshi ya zamani ya Windows XP, ninaambiwa kwamba kadi haijafomatiwa, yaani haijaandaliwa kuhifadhi faili, na kuulizwa kama ninataka kuifomati sasa. Kadi yangu ya zamani ya gigabaiti 2 inasomeka katika tundu lilo hilo. Je, kadi imeharibika?

Fundi wa Nakuru:
Pole kwa msiba, ndugu. Tafadhali usikubali kuifomati, hata mara moja, kwani utapoteza orodha ya faili na kuzirejesha picha itakuwa kazi nyingine. Kadi yako ni nzima. Ingekuwa mbovu, kamera nayo ingelalamika.

Kadi hizi zinafanana kwa umbo lakini ni za vizazi tofauti: SD ya kawaida hufika gigabaiti 2, SDHC iliyoanza mwaka 2006 huishia gigabaiti 32, na SDXC iliyotangazwa mwaka 2009 huendelea kutoka hapo hadi terabaiti 2. Kisoma kadi kipya husoma kadi za zamani, ila cha zamani mara nyingi hakizitambui kadi zilizokuja baada yake. Zaidi ya hayo, SDXC hutoka kiwandani ikiwa na mfumo wa faili (namna ya kuzipanga faili katika kadi) uitwao exFAT, ambao Windows XP haiuelewi mpaka iongezewe sasisho la Microsoft. Kwa hiyo hata ukinunua kisoma kadi kipya leo, huenda ukakutana na ujumbe uleule.

Iache kadi ndani ya kamera, kisha uiunganishe kamera na kompyuta kwa kebo ya USB. Hapo kamera ndiyo inayoisoma kadi, na kompyuta hupokea picha tu.

Mama Studio, Kakamega:
Nakubaliana na Fundi. Ningeongeza kwamba kadi za SD zenye umbo kubwa kama yako zina kiswichi kidogo ubavuni. Kisukume upande wa kufunga kabla ya kuitia kadi katika kompyuta yoyote, kwa sababu visoma kadi vingi vitakataa kuandika au kufuta chochote. Mimi sitoi kadi ya mteja mezani bila kufanya hivyo. Tena, tumia tundu la USB la nyuma, lililo kwenye ubao mkuu wenyewe, kwa maana yale ya mbele hupitia waya wa ndani ambao katika kompyuta kuukuu mara nyingi huwa umelegea.

Mkaazi wa Kondele:
Nawashukuru sana. Kwa tundu la mbele kamera ilikatika katikati ya kunakili, nikahamia la nyuma na picha zote zimeingia. Sasa naweza kuifomati kadi?

Fundi wa Nakuru:
Bado. Nakili picha hizo katika diski ya pili, uzifungue kadhaa huko kuhakikisha ni nzima, ndipo uifomati kadi ndani ya kamera yenyewe.