Brekidansi: uliwahi kushindana au kuwa jaji? Tupeane uzoefu

Mleta uzi: Nimekutana tena na klipu ya Raygun wa Australia, Olimpiki ya Paris 2024. Kacheza mara tatu, zote kachapwa 18–0. Majaji 9, raundi mbili kila pambano, kura hakuna! Mtaani kwetu mshindi alipatikana kwa makofi tu. Nyie je?

Mkongwe wa Boksi: Umenitonesha kidonda, mkuu. Enzi zetu ukipata boksi la friji unalitandaza, unanyunyiza poda, unazunguka. Fainali, ukumbi umefurika, mpinzani wangu kasimamia kichwa anazunguka kama pia. Katikati redio ikala mkanda. Kimya! Jamaa hata habari hana, yeye anazunguka tu. Zamu yangu muziki ukarudi, nikashuka chini nikichezesha miguu, kila pigo la ngoma nipo nalo, lilipokata nikaganda palepale, mkono mmoja sakafuni. Makofi akapewa yeye. Nilitembea usiku ule hadi nyumbani na boksi langu kichwani, siongei na mtu.

Dada wa Temeke: Pole kaka. Uliibiwa mchana kweupe.

Kichwa Ngumu: Pole ya nini? Aliyezunguka kazunguka. Hasira zako kamalizie kwenye rede.

Mkongwe wa Boksi: Kuzunguka bila kusikia muziki ni sarakasi, kijana. Paris vigezo vilikuwa vitano: ufundi, wingi wa mitindo, utekelezaji, kwenda na muziki, upekee. Kila kimoja asilimia 20. Kichwa chako kingekupa ngapi hapo?

Kichwa Ngumu: Mbona Raygun alikuwa na upekee na hakupata kitu?

Dada wa Temeke: Upekee fungu moja, manne yanamsubiri 😂 Mtazame Ami wa Japani aliyebeba dhahabu, hatua moja inazaa nyingine.

Jaji Mstaafu: Mimi niliwahi kumnyima kijana ushindi, mama yake akapanda jukwaani na kanga kiunoni: "Wewe mwenyewe unaweza?" Ukumbi mzima, "Aonyeshe! Aonyeshe!" Nikashuka chini. Suruali ikachanika hadi kwenye mkanda.

Dada wa Temeke: 😂😂 Halafu?

Kichwa Ngumu: Mzee, malizia!

Jaji Mstaafu: Yule mama akanivua aibu, akanifunga ile kanga. Mwanawe nikamnyima vilevile.

Mpita Njia: Mnagombana bure, Los Angeles 2028 brekidansi haimo.

Mkongwe wa Boksi: Mtaani ipo. Jaji akae karibu na spika, asikie besi.

Dada wa Temeke: Akae mbali, atazame miguu.

Jaji Mstaafu: Akae karibu na mlango.