Bongo Movie, Mturuki au Mhindi: wewe jioni unakaa na nani?

Fundi Jokofu: Wakuu, leo nalitapika hili. Bongo Movie, hizi filamu zetu za Tanzania, nimeachana nazo rasmi. Gari linafika getini, linapiga honi. Mlinzi anatoka taratibu kama anakwenda kuchota maji. Geti linafunguliwa. Gari linaingia, linapaki, jamaa anashuka, anafunga mlango, anajaribu kama umefunga kweli, anatembea mpaka barazani, kinanda kinalia tu. Anaingia ndani, anamwambia mkewe, "Nimerudi." Dakika nne za maisha yangu! Jina la filamu ni la Kiingereza, watu wanaongea Kiswahili, maandishi ya chini ni Kiingereza cha kubahatisha. Na ikifika patamu, "usikose sehemu ya pili".

Mimi sasa ni Wakorea na Waturuki. Nikifunga kazi napita kwa dogo wa stendi ananijazia flashi, tunakaa na mke wangu mpaka saa sita usiku. Nazipenda zaidi zilizotafsiriwa. Nisichokitaka hata bure ni kichekesho cha mwanaume kuvaa dera. Swali: kuna mtu mwenye akili zake bado anaangalia Bongo Movie? Na asiniambie mtu nathamini vya nje. Heri mimi naelewa kinachosemwa, kuliko mama zetu waliolia miaka yote kwa picha la Kihindi na hata "pani" hawajui kuwa ni maji.

Mtoto wa Magomeni: Kanumba, yule mwigizaji wetu, angekuwepo usingeandika haya. Alipofariki Aprili 2012 mji ulisimama, pale viwanja vya Leaders kwenye kumuaga watu walizimia. Ndiye aliyecheza na Ramsey Nouah wa Nigeria kwenye filamu ya Devil Kingdom. Wewe Mturuki wako unalijua hata jina lake halisi?

Fundi Jokofu: Kanumba namheshimu. Nawazungumzia walio hai.

Bi Mkubwa wa Vuga: Hebu ngojeni kwanza. Nani hajui pani? Mama yangu mie, Mungu amrehemu, alikuwa akivaa buibui lake, anajitia udi, anakwenda zake sinema ya Majestic hapa Vuga, Zanzibar. Mother India kaitazama hata hesabu kaipoteza. Akirudi anawakalisha jirani barazani anawasimulia mwanzo mwisho, na nyimbo anawaimbia. Mama anamtazama mwanawe wa kumzaa, kashika bunduki, na anampiga risasi. Pale wataka ukatafsiriwe nini? Wewe unayejaziwa flashi na dogo wa stendi ndiyo wa kumcheka mama yangu?

Fundi Jokofu: Sijamcheka mtu, mama. Nilikuwa natoa mfano.

Bi Mkubwa wa Vuga: Mfano mtolee mamako.

Jirani wa Ngamiani: Hapo umepigwa, fundi. Isitoshe hizo picha zimezaa nusu ya muziki unaochezwa harusini kwenu. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu wa Mombasa, aliimbia mahadhi ya Kihindi mpaka mtu ukisikia toka mbali unadhani redio ya Bombay. Maneno yake Kiswahili safi kabisa.

Mwalimu Mstaafu: Niongeze kidogo. Hao mama walielewa zaidi ya tunavyodhani. Mhindi anasema duniya, kitab, waqt, khabar. Sisi tunasema dunia, kitabu, wakati, habari. Masikio ya pwani yalikuwa yanaokota njiani.

Kaka Sudi: Hayo ni maneno ya Kiarabu, mwalimu, si ya Kihindi.

Mwalimu Mstaafu: Nimesema Mhindi anayasema. Sijasema ameyazaa. Soma kabla hujajibu, ndiyo maana darasani mlikuwa mnafeli.

Kaka Sudi: Wewe hujawahi kunifundisha mimi!

Mwalimu Mstaafu: Inaonekana.

Njoro wa Rongai: Wabongo mko na mambo. Sisi huku Kenya swali ni moja tu: imewekwa sauti ya DJ Afro, yule anayesimulia filamu kwa Kiswahili, ama haijawekwa? Budangu aliwekewa filamu ya Kichina ikiwa hivyo hivyo, akalala kwa kiti. Tukaweka ile ya DJ Afro, ile ile filamu, akaamka akaitisha chai.

Mtoto wa Magomeni: Kabla hamjamjua DJ Afro sisi tulikuwa na Lufufu. Kibanda umiza cha kwetu, kile cha kuonyeshea video, benchi tunakaa wanane, feni moja na yenyewe imeelekezwa kwenye video isipate joto. Lufufu anamjua adui kuliko mtu aliyeitunga hiyo filamu. Steringi hajatokea, wewe ushaambiwa yuko njiani anakuja na ana hasira.

Kaka Sudi: Ile siyo tafsiri, ni uongo mtamu. Mtu kafumba mdomo na bado anaongea. Tafsiri ni ile tamthilia ya Wachina TBC waliyoirusha, Doudou na mama wakwe zake. Kila mhusika ana sauti yake. Mpaka rais wao alipokuja 2012 aliitaja kwenye hotuba.

Mwalimu Mstaafu: Machi 2013. Ukumbi wa Nyerere.

Kaka Sudi: Haya, shikamoo.

Njoro wa Rongai: Mkisha kupigana mniambie kama mlikuwa na kitu kama Vitimbi, vile vichekesho vyetu vya TV. Mzee Ojwang na Mama Kayai, hakuna geti, hakuna gari, ni kelele za nyumbani tu na nchi yote iko kwa KBC. Vioja Mahakamani nayo, mshtakiwa akifungua kinywa jaji mwenyewe anashindwa.

Mshika Taa: Nimesoma kimya, ngoja niseme. Nimeshika taa kwenye seti za hapa Dar, miaka ya DVD. Hilo geti analolilalamikia fundi lina sababu. Msambazaji alikuwa analipa kwa filamu yenye sehemu mbili, kwa sababu dukani inauzwa mara mbili. Hadithi iliyoandikwa ni ya saa moja na nusu. Hizo dakika zingine tunazitoa wapi? Ndiyo geti, ndiyo ngazi, ndiyo mtu kujitazama kwenye kioo. Tunarekodi siku saba, nane ikizidi. Nyumba ni ya kuazima, mwenyewe amekaa jikoni anahesabu vikombe. Sofa haturuhusiwi kutoa nailoni, kwa hiyo mtu akilia kwa uchungu unasikia nailoni inalia naye, tunaambiwa tuongeze kinanda. Umeme ukikatika jenereta lipo, lakini likiwaka sauti haifai, basi tunakaa. Kiingereza cha chini kiliandikwa na mtu wa kuhariri saa tisa usiku. Mnachokicheka ni mkataba, siyo kipaji. Na hiyo hela ya kujaziwa flashi, fundi, kwetu haikuwahi kufika hata senti.

Mtoto wa Magomeni: Kumbe nailoni ni ya mwenye nyumba! Siku zote nilidhani ni ushamba.

Jirani wa Ngamiani: Ushamba wapi? Kwetu sofa lina nailoni mwaka wa sita huu na hatuitoi.

Kaka Sudi: Mwaka wa sita? Mnakaaje Desemba na joto la Tanga?

Jirani wa Ngamiani: Tunakaa chini kwenye mkeka. Sofa ni la wageni.

Bi Mkubwa wa Vuga: Ndivyo. Na mgeni mwenyewe awe wa maana.

Mwanafunzi wa Zamani: Mbona hakuna aliyetaja Vuta N'kuvute? Riwaya ya Adam Shafi, kaiongoza Amil Shivji, imefika mpaka Toronto 2021. Hakuna geti mle. Unaona Zanzibar ile ya kikoloni mpaka unahisi unyevunyevu wa kuta. Hiyo nayo ni Bongo Movie au mnaibagua?

Kaka Sudi: Mimi niliisoma kwa lazima kidato cha sita, nikapata D. Siwezi kwenda kulipa kiingilio niteswe mara ya pili.

Mwalimu Mstaafu: D. Nilijua.

Fundi Jokofu: Jamani, mada yangu ilikuwa Bongo Movie. Mshika Taa, hoja yako nimeielewa, lakini mimi mtazamaji mkataba wenu unanihusu nini? Nikila wali mbichi siulizi kama mkaa ulikuwa ghali.

Mshika Taa: Lakini huu wali umeula bure.

Mtoto wa Magomeni: 😂😂 Fundi kaka, toa flashi mezani.

Fundi Jokofu: Sawa. Nakiri na kitu kingine, maana mke wangu anasoma hapa pembeni ananicheka. Jua Kali, ile tamthilia ya hapa hapa Bongo, tunaangalia. Anaangalia yeye, mimi napita tu.

Mtoto wa Magomeni: Unapita kila siku saa ile ile?

Fundi Jokofu: Nyumba ndogo.

Bi Mkubwa wa Vuga: Nami nangoja, fundi. La pani hujaliomba radhi.

Fundi Jokofu: Nisamehe, mama. Marehemu alikuwa anajua pani.

Bi Mkubwa wa Vuga: Na dil, moyo huo.

Fundi Jokofu: Na dil.

Njoro wa Rongai: Swali la mwisho nilale. DJ Afro amewahi kuiweka hiyo Mother India?

Bi Mkubwa wa Vuga: Athubutu.